Somo: Kusoma paneli ya kingamwili, na ujanja wa Kidd

Mgonjwa ni O chanya, chupa ya damu ni O chanya, na krosimachi (kupima damu ya kuongezwa dhidi ya plasma ya mgonjwa) bado inakataa. Kama ni mtoto wa sikoseli aliyeongezewa damu mara nyingi, usishangae. Nje ya ABO na Rh kuna mifumo mingine ya makundi ya damu: Kell, Duffy, Kidd, MNS, Lewis na nyingine chungu nzima. Alama zake juu ya chembe nyekundu ndizo antijeni, na mwili huweza kutengeneza kingamwili (askari wa kinga) dhidi ya alama ngeni.

Hatua ya 1. Uliza kwanza. Ameongezewa damu lini? Kama mwanamke, mimba ngapi? Akiwa ameongezewa ndani ya miezi 3, usiamini antijeni utakazopima kwenye chembe zake. Humo mna chembe za waliomchangia damu.

Hatua ya 2. Changanya plasma yake na chembe zake mwenyewe. Zisiposhikana, kingamwili yake inalenga chembe za watu wengine. Zikishikana, huenda anajishambulia mwenyewe, au zinazoshambuliwa ni chembe alizopewa juzi.

Hatua ya 3. Panga paneli: chembe 11 za kundi O, kila moja na orodha ya antijeni zake. Soma kwenye joto la chumba, kisha nyuzi 37, kisha kwa kipimo cha Coombs (kinachofichua kingamwili zilizoganda kwenye chembe bila kuzishikanisha). Kingamwili inayoonekana kwenye baridi tu mara nyingi ni ya M, N (za MNS), P1 au Lewis, na kwa kawaida haina madhara. Inayojitokeza kwenye Coombs ndiyo ya kuogopa: Kell, Duffy, Kidd, S (nayo ya MNS).

Hatua ya 4. Futa antijeni zisizohusika. Chembe isiyoshikana inakuruhusu kufuta antijeni ilizonazo. Hapa ndipo nilipoangukia pua. Chembe namba 6 ilikuwa Jk(a+b+), yaani ina antijeni zote mbili za Kidd, Jka na Jkb; haikushika, nikafuta Jka kwa kalamu nyekundu. Siku ya saba baada ya kuongezewa damu, mgonjwa ana macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, na himoglobini imerudi ilikotoka. Chembe ile ilibeba Jka dozi moja tu (jeni moja ya Jka, nyingine ya Jkb), na kingamwili dhaifu ya Kidd haikuiona. Tangu hapo nafuta kwa chembe yenye dozi mbili, Jk(a+b-), basi.

Hatua ya 5. Thibitisha: chembe 3 zenye antijeni zishike, 3 zisizo nayo zisishike. Ukikwama, tumia papaini (ndiyo, ile ya utomvu wa papai). Inaharibu Duffy, M, N na S, inamwacha Kell alivyo, na Kidd inamng'arisha.

Hatua ya 6. Tafuta damu isiyo na antijeni hiyo, kisha krosimachi mpaka Coombs.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Waafrika wengi ni Fy(a-b-), yaani chembe zao hazina antijeni za Duffy, Fya na Fyb. Wote tuwatafutie damu isiyo na Fyb?*
Marahaba. Hapana. Kwa wengi wetu jeni ya Duffy imezimwa kwenye chembe nyekundu tu. Sehemu nyingine za mwili bado zina Fyb, kwa hiyo mwili hauioni kama mgeni. Anti-Fya ndiyo wanaweza kuitengeneza. Kukosa Duffy huko ndiko kunakomfungia mlango, kwa sehemu kubwa, kimelea wa malaria aina ya vivax.

*Mama mjamzito ana anti-Lea (kingamwili dhidi ya antijeni Lea ya Lewis). Mtoto yuko hatarini?*
Mwache apumzike. Kingamwili hiyo kwa kawaida ni IgM (aina yenye umbo kubwa), haivuki kondo la nyuma, na chembe za kichanga bado hazina Lewis ya kutosha. Angekuwa na anti-K (ya Kell) ningekujibu vingine: hiyo huzuia hata utengenezaji wa chembe za mtoto, na kiwango kidogo kinaweza kumletea upungufu mkubwa wa damu.

*Sisi huku wilayani hatuna paneli, kaka.*
Pima chupa kadhaa za kundi lake kwa Coombs, uchague zinazokubali, na sampuli itume kituo cha damu salama cha kanda. Usiruke Coombs kwa sababu foleni ni ndefu.

*Mgonjwa wangu alikuwa na anti-Jka mwaka juzi. Leo paneli ni safi kabisa. Si imeisha?*
Haijaisha dada, imelala. Anti-Jka hushuka mpaka haionekani kwenye kipimo, lakini mwili unaikumbuka; ukimpa Jka itaamka ndani ya siku chache. Mpe damu isiyo na Jka leo na siku zote, na uandike kwenye kadi anayotembea nayo, maana zamu ijayo hutakuwepo.