Kuandaa toleo lenye maelezo la Mrs Dalloway kwa wasomaji wa Tabora na Kigoma

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mkutubi au kikundi cha wasomaji kinachotaka kuitoa riwaya ya Virginia Woolf katika Kiingereza chake, pamoja na maelezo ya Kiswahili. Utahitaji kompyuta moja yenye LibreOffice (programu ya kuandikia), matoleo mawili ya riwaya, watu wawili wa kusomeana, daftari la mistari, na miezi mitatu hivi ya jioni zako.

Hatua ya 1: Haki

Woolf alifariki Machi 1941. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo riwaya yenyewe iko huru. Utangulizi na tanbihi za matoleo ya kisasa haziko huru: zisome, lakini usizinakili wala kuzitafsiri. Anayetaka kufanya kazi kama hii kwa Nagona ya Euphrase Kezilahabi, aliyefariki 2020, aanze na barua ya ruhusa kabla ya tanbihi ya kwanza.

Hatua ya 2: Chagua matini msingi (toleo utakalolifuata)

Hapa ndipo wengi huharibu bila kujua. Riwaya ilitoka siku moja, tarehe 14 Mei 1925, London kwa Hogarth Press na New York kwa Harcourt, Brace, na watu hudhani ni kitabu kimoja chenye majalada mawili. Sivyo. Woolf alisahihisha prufu (kurasa za majaribio kabla ya kuchapa) za pande zote mbili, lakini si kila sahihisho lililoingia upande mmoja liliingia na upande wa pili. Mfano mzuri uko karibu na mwisho, Clarissa Dalloway, mhusika mkuu, akiwa peke yake chumbani akimwaza kijana aliyejiua. Toleo la Marekani lina sentensi fupi inayosema kijana yule alimfanya ahisi uzuri na raha. Katika toleo la kwanza la Uingereza sentensi hiyo haimo. Darasa linalojadili kama Clarissa ana moyo mgumu litafika mahali tofauti kutegemea kitabu kilichoko mezani.

Chagua moja na ulitaje katika ukurasa wa pili. Ukichukua aya hii kutoka London na ile kutoka New York kwa kuwa zinakupendeza, utapata matini ambayo Woolf hakuitoa popote. Faili nyingi za bure mtandaoni zina kasoro hiyo hiyo na hazisemi zimetoka toleo gani, kwa hiyo zitumie kupunguza kazi ya kuchapa tu, kisha uzisahihishe kwa picha za toleo ulilochagua.

Hatua ya 3: Linganisha neno kwa neno

Mmoja anasoma kwa sauti kutoka matini msingi, pamoja na alama zote: "koma", "nukta mkato", "kistari kirefu", "aya mpya". Mwenzake anafuata kwenye faili. Kadiria kurasa 10 kwa saa. Kitabu kina kurasa karibu 300, kwa hiyo ni saa 30. Msizidishe saa mbili kwa kikao. Baada ya hapo jicho huanza kuona kinachopaswa kuwepo badala ya kilichopo.

Makosa ya skani yanajulikana: "rn" hugeuka "m", "cl" hugeuka "d", herufi za mlazo hupotea, na neno lililokatwa mwishoni mwa mstari hubaki na kistari chake. Lakini linalouma zaidi ni nafasi tupu. Riwaya hii haina sura. Woolf aliigawa kwa nafasi tupu kati ya aya. Nafasi ikiangukia chini kabisa ya ukurasa, mchapaji anayefuata haioni, na sehemu mbili zinaungana. Kagua mkia wa kila ukurasa. Kila tofauti unayoikuta kati ya matoleo mawili iandike daftarini: ukurasa, mstari, London inasemaje, New York inasemaje. Baadaye utachapa zile tu zinazobadili maana, lakini daftari libaki na zote.

Hatua ya 4: Andika tanbihi

Usianze na kitabu, anza na msomaji. Wape watu wanne au watano kurasa 20 za mwanzo, kila mmoja na penseli, wapige mstari pale walipokwama. Utashangaa. Hawakwami kwenye majina ya mitaa ya London. Hayo wanayapita kama mgeni anavyopita mitaa ya Kachoma asiyoijua, kwa imani kwamba barabara itamfikisha. Wanakwama pale wanapodhani wameelewa.

Chukua saa. Riwaya nzima inaendeshwa na kengele za Big Ben, saa ya mnara wa London. Zikipiga mara kumi na mbili adhuhuri, Clarissa anaweka nguo yake ya kijani kitandani, na Septimus, yule kijana atakayejiua, na mkewe wanakwenda kwa daktari. Mwandishi wa tanbihi asiye mwangalifu ataandika "saa kumi na mbili", na msomaji wa Tabora ataona jua linazama. Andika "saa sita mchana", na ongeza kwamba kengele zimelia mara kumi na mbili, maana idadi ya milio ni sehemu ya mtindo wa kitabu. Vivyo hivyo Peter Walsh, rafiki yake wa zamani, anamvamia Clarissa saa tano asubuhi, na kengele ya nusu saa inalia akiwa bado yumo. Tengeneza jedwali moja la saa zote kwa hesabu ya Kiswahili, uliweke mwanzoni; litaokoa tanbihi nyingi ndogo.

Kisha shilingi. Kwetu shilingi ina senti 100. Ya Uingereza wakati huo ilikuwa na peni 12, na shilingi 20 zilifanya pauni moja, mpaka mfumo ulipobadilishwa 1971. Tanbihi za vyuo vya nje huwa haziko makini na neno hili kwa sababu msomaji wao hana shilingi nyingine mfukoni.

Nukuu zilizofichwa zinahitaji utaratibu. Mstari wa kutoogopa tena joto la jua, ambao Clarissa anausoma katika dirisha la duka la vitabu, unatoka katika Cymbeline ya Shakespeare, kitendo cha 4, onyesho la 2. Ni wimbo wa maziko. Unarudi mara kadhaa, hadi akilini mwa Septimus ambaye hajawahi kukutana na Clarissa. Eleza mara ya kwanza; mara zinazofuata weka rejea tu, bila kusema maana yake. Ukimwambia msomaji kwamba wimbo ndio unaowaunganisha wawili hao, umemnyang'anya ugunduzi. Kazi ya tanbihi ni kusema nukuu inatoka wapi.

Vita vinaleta kishawishi cha aina nyingine. Septimus ameharibiwa akili na vita vya 1914–1918, na vita hivyo vilipita hapa hapa: Tabora iliingia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo tarehe 19 Septemba 1916. Ni kweli, na inafaa, lakini iweke katika utangulizi. Chini ya jina la Septimus toa yale tu yanayomhusu.

Pima tanbihi kwa swali moja: msomaji huyu, mahali hapa, anauliza nini? Mfano mzuri uko nje ya kitabu hiki. Katika Ulysses ya James Joyce, walevi wa Dublin wanamtaja Casement na utomvu wa mpira uliovunwa Kongo. Tanbihi za kawaida humweleza Casement kama mzalendo wa Ireland aliyenyongwa 1916. Msomaji wa Kigoma, anayeiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa siku ya hewa safi, ana swali jingine: Kongo ile ilikuwa ya nani? Jibu: ya Mfalme Leopold II binafsi, mpaka 1908, na ripoti ya Casement kuhusu ukatili wa utawala wa mfalme huyo ilitoka 1904, mwaka ule ule wa kisa cha riwaya.

Urefu: maneno 25 hadi 60. Idadi: zisizidi nne kwa ukurasa. Zikizidi, futa zile zinazoonyesha usomi wako.

Hatua ya 5: Namba na uchapaji

Usiweke vinamba juu ya maneno. Sentensi za Woolf ni ndefu na zinatiririka. Kila kinamba ni jiwe njiani. Weka namba za mistari pembeni, kila mstari wa tano, na tanbihi zitaje ukurasa na mstari. Kwa hiyo funga kwanza fonti, pambizo na ukubwa wa karatasi (A5, herufi za pointi 11), ndipo uandike marejeo. Ukibadilisha fonti baadaye, marejeo yote yanahama.

Ajali hiyo hutokea hasa steshenari: faili inafunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako, ukurasa wa 112 unakuwa wa 115, na hakuna anayegundua mpaka nakala 40 zimetoka. Peleka PDF yenye fonti ndani yake, na nakala ya karatasi ya kurasa tatu za kulinganishia.

Chapa maelezo kama kijitabu cha peke yake, ili viwili vilale wazi mezani sambamba. Kurasa 64 ni karatasi 16 za A4 zilizokunjwa, na pini mbili za mgongoni zinatosha. Jumla ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Kitabu cha riwaya kitahitaji gundi.

Hatua ya 6: Masahihisho

Ulysses ya 1922 ilitoka na ujumbe wa kuwaomba radhi wasomaji kwa makosa ya uchapaji, kwa hiyo usione aibu. Chapa nakala 10 kwanza, wape wasomaji wale wale wenye penseli, kusanya baada ya wiki tatu. Makosa yaliyopatikana yaorodheshe kwenye kipande cha karatasi chenye tarehe, kibandike ndani ya jalada la nyuma, na usahihishe faili siku hiyo hiyo, kabla daftari halijapotea.