Kabla hujainua kichwa, andika
Napiga hesabu za duka la jumla hapa Kikuubo, Kampala, na kutwa kuna anayeniita. Siku hizi, kabla sijamwitikia mtu, naandika kwenye karatasi hatua inayofuata: "risiti za sukari, jumlisha kuanzia ya Jumanne." Sekunde kumi tu, mteja hafi. Bila hivyo akili hubaki imening'inia kwenye kazi uliyoikatiza. Mtafiti Sophie Leroy aliandika kuhusu masalio hayo ya umakini mwaka 2009. Nikirudi naanzia pale pale. Ukiandika "endelea na hesabu" tu, bila kusema uanzie wapi, umejisumbua bure. Na simu ikiwa mezani inawakawaka, karatasi haifui dafu. Simu yangu naifungia kwenye droo ya pesa.