Somo: Kuta za zege zinazomwagwa chini na kuinuliwa kwa kreni

Ukijenga godauni hapa Tanga, kupandisha tofali hadi mita 7 ni jukwaa juu ya jukwaa na mkanda juu ya mkanda. Ipo njia nyingine: ukuta mzima unamwagwa ukiwa umelala juu ya sakafu, ukikomaa unainuliwa na kreni na kusimamishwa kwenye msingi. Marekani wanaitumia tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na maghala mengi ya huko yamejengwa hivyo.

Hatua ya 1: Sakafu. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wataharakisha. Sakafu ndiyo fomu yako, yaani kalibu ya kumwagia zege. Upande unaolala chini kwa kawaida ndio utakaotazama nje, hivyo kila shimo na kila alama ya mwiko itajichapa ukutani. Isuguliwe kwa mashine mpaka iwe laini. Kama kreni itapita juu yake, injinia ahesabu unene kabla hamjamwaga. Acheni ukanda mtupu kandokando ya msingi, nondo za sakafu zikichomoza. Utajazwa kuta zikishasimama.

Hatua ya 2: Fomu. Ni mbao za pembeni tu, kwa unene wa ukuta, tuseme milimita 150 hadi 240. Nafasi za milango na madirisha zifungwe sasa.

Hatua ya 3: Dawa ya kuzuia zege lisishikane na sakafu. Ipulizwe kabla ya nondo kuingia. Nyunyiza maji: yakikaa matone, imekubali, yakinywewa, rudia.

Hatua ya 4: Nondo na vyuma vya kunyanyulia. Chumvi ya pwani yetu inakula nondo, kwa hiyo biskuti (vipande vya zege vinavyotenga nondo na sakafu) za uso wa nje zisipungue milimita 50. Vyuma vya kunyanyulia ni vya kununua, na mahali pake hupangwa na injinia. Fundi akikunja ndoano ya nondo papo hapo, msimamishe.

Hatua ya 5: Zege. Nguvu yake iwe daraja la C25 au zaidi, vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishikamane) ipite kila kona, mchanga usiwe wa baharini. Funika kwa magunia na umwagilie siku 7.

Hatua ya 6: Kuinua. Vunjeni kwa mashine ya kupimia nguvu vipande vya zege vya majaribio vilivyokaa site pamoja na ukuta. Kipimo ndicho kinachoamua, kalenda haitoshi. Ukuta wa mita 6 kwa 7, unene milimita 150, una uzito wa tani 15 hivi. Propu za mshazari (nguzo za kuegemeza ukuta), angalau mbili kwa kila ukuta, zifungwe ukiwa bado umelala. Inueni asubuhi, kabla upepo haujachachamaa, hasa msimu wa kusi. Mtu asisimame chini ya ukuta wala upande unaoweza kuangukia. Kreni isiachie mpaka propu zimekazwa sakafuni.

MASWALI

Fundi wa Ngamiani: Shikamoo mkuu. Badala ya hiyo dawa, si tupake oili chafu kama kwenye fomu za linta?

Jibu: Marahaba. Mbao ya linta unaibandua kwa nyundo. Hapa unabandua tani 15. Pakishika, ukuta unapasuka au chuma kinang'oka. Halafu oili inatia madoa na rangi haishiki.

Kijana wa Raskazone: Kreni ya tani 20 si inatosha basi?

Jibu: Hapana. Hizo tani 20 ni mkono ukiwa karibu. Ukiunyoosha mbali, uwezo unashuka sana. Mwombe mwenye kreni jedwali lake la uzito kwa umbali. Wenye kazi hii hutafuta kreni yenye uwezo mara mbili hadi tatu ya ukuta mzito kuliko wote.

Mama Pongwe: Samahani mwalimu, nina kiwanja cha nyumba ya vyumba vitatu. Nitaokoa pesa?

Jibu: Hutaokoa, mama. Kukodi kreni kutameza faida yote. Njia hii inalipa penye kuta nyingi kubwa za kuinua mfululizo. Wewe piga tofali.

Fundi wa Ngamiani: Propu tunazitoa lini? Bosi atazitaka kwingine.

Jibu: Paa likishaungwa na kuta, na ule ukanda wa sakafu ukishamwagwa na kukomaa, kisha injinia aseme ndiyo. Kabla ya hapo ukuta haujashikwa na kitu kingine. Bosi akodi nyingine.