Kupima ramani iliyo kichwani mwa mtu kwa karatasi, rula na jedwali la Excel

Mwombe mtu aliye Posta, Dar es Salaam, akuonyeshe kwa mkono Zanzibar iko upande gani. Usishangae mkono ukielekea baharini, mashariki. Sasa fungua atlasi: Mji wa Zanzibar uko kwenye longitudo 39.19, na katikati ya Dar ni 39.29. Maana yake Zanzibar iko kaskazini mwa Dar, tena imeegemea magharibi kidogo. Pwani inapinda kuelekea Bagamoyo, lakini kichwani tumeinyoosha.

Kosa hili lina historia yake katika utafiti. Mwaka 1978 Albert Stevens na Patty Coupe waliwauliza watu wa San Diego, Marekani, mji wa Reno uko upande gani. Wengi walisema kaskazini-mashariki, kwa kuwa Reno iko Nevada na Nevada iko mashariki ya California. Kumbe Reno iko kaskazini-magharibi ya San Diego. Akili haikuhifadhi mahali pa kila mji. Ilihifadhi mahali pa jimbo, kisha mji ukabebwa humo. Kwetu fikra ni ileile: visiwa viko baharini, bahari iko mashariki ya bara, basi Zanzibar iko mashariki.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti anayetaka kulipima jambo hili kwa namba. Njia tutakayotumia ni rigresheni ya pande mbili, ambayo mwanajiografia Waldo Tobler aliieleza kwa kina mwaka 1994: unaisogeza, unaikuza au kuipunguza na kuizungusha ramani ya kweli hadi ikaribiane na mchoro kadiri inavyowezekana, kisha unapima tofauti inayobaki. Huhitaji programu maalumu ya takwimu.

Hatua ya 1: Chagua miji, na uweke mitego

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu anachagua miji iliyojipanga kwenye mstari mmoja wa pwani, kisha anashangaa kila mshiriki amefaulu. Unahitaji miji iliyotawanyika pande zote, na ndani yake jozi ambazo akili ina sababu ya kuzikosea. Dar na Zanzibar ni jozi ya kwanza. Dodoma na Mji wa Zanzibar ni nyingine: zote ziko karibu na latitudo 6.17 kusini, yaani mstari mmoja kabisa wa mashariki–magharibi. Morogoro na Dar nazo zinalingana, latitudo 6.82. Mombasa iko mashariki ya Mji wa Zanzibar, jambo ambalo watu hubisha hadi waone ramani.

Chukua miji kumi au zaidi. Njia hii inakadiria vitu vinne (kusogeza mara mbili, skeli moja na mzunguko mmoja), na kila mji unaleta namba mbili tu. Miji miwili inalingana na mchoro wowote ule bila kosa, mitatu nayo haikupi kitu cha maana.

Hatua ya 2: Mpe karatasi tupu, na unyamaze

Karatasi ya A4, penseli, orodha ya miji. Mwambie aweke nukta kwa kila mji ili umbali na mwelekeo ulingane na anavyojua. Usimchoree pwani, kwa sababu ukishaichora umempa jibu. Badilisha mpangilio wa orodha kwa kila mshiriki, maana mji wa kwanza huwa nanga ya mingine yote. Akiuliza "kaskazini ni wapi?", mjibu aamue mwenyewe, na akimaliza achore mshale wa kaskazini. Mzunguko hautaathiri hesabu, lakini ule mshale utakusaidia baadaye kutofautisha aliyegeuza karatasi na aliyekosea.

Usimsahihishe, hata kwa uso. Na kama ni kazi ya chuo, fomu ya ridhaa na kibali cha kamati ya maadili vitangulie.

Hatua ya 3: Andaa namba za kweli

Huku karibu na ikweta tuna nafuu. Kwenye latitudo ya 6, nyuzi moja ya longitudo ni kama kilomita 110.7 na nyuzi moja ya latitudo ni kama 110.6, kwa hiyo zidisha tu na umemaliza. Mwenzako aliye Oslo hawezi kufanya hivi: kule nyuzi ya longitudo ni karibu nusu ya nyuzi ya latitudo. Ukitaka usahihi zaidi, tumia UTM (mfumo wa kuandika mahali kwa mita) kanda ya 37 kusini ndani ya QGIS, programu ya bure ya ramani, ila kwa michoro ya penseli ni kujichosha.

Tukiichukua Dar kuwa sifuri, kwa kilomita (mashariki kwanza, kisha kaskazini): Dar 0, 0, Zanzibar −11, 73, Tanga −21, 194, Mombasa 42, 306, Morogoro −180, 0. Nimeweka mitano ili uweze kufuata hesabu kwa mkono.

Hatua ya 4: Pima mchoro

Tumia rula, kwa sentimita, kuanzia kona ya chini kushoto ya karatasi. Usipige picha kwa simu ukapimia juu ya picha: ukiinamisha simu kidogo, karatasi inabanwa upande mmoja, na hesabu itadhani mshiriki ndiye aliyebana. Ukilazimika, tumia skana ya kulaza karatasi. Hapo kumbuka kwamba programu nyingi za picha huhesabu kuanzia juu kwenda chini, kwa hiyo geuza alama ya namba za wima. Usipogeuza, ramani inakuwa kama iliyotazamwa kwenye kioo, na hakuna mzunguko utakaoirudisha.

Tuseme mshiriki wetu wa kubuni amechora: Dar 10, 5, Zanzibar 12, 7, Tanga 10, 12, Mombasa 11, 17, Morogoro 4, 5.

Hatua ya 5: Hesabu

Kwenye jedwali, safu A iwe jina, B na C namba za kweli, D na E namba za mchoro, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 6. Kwenye F2 andika:

=B2-AVERAGE(B$2:B$6)

Nakili kwenda kulia hadi safu I, kisha chini hadi mstari wa 6. Sasa kila namba imeondolewa wastani wake. Halafu, kwenye L1 na L2:

=(SUMPRODUCT(F2:F6,H2:H6)+SUMPRODUCT(G2:G6,I2:I6))/SUMSQ(F2:G6)

=(SUMPRODUCT(F2:F6,I2:I6)-SUMPRODUCT(G2:G6,H2:H6))/SUMSQ(F2:G6)

Utapata 0.03772 na 0.00254. Skeli iko L3: =SQRT(L1^2+L2^2), inatoa 0.0378, kwa hiyo sentimita moja ya mchoro ni kama kilomita 26. Mzunguko uko L4: =DEGREES(ATAN2(L1,L2)), nyuzi 3.8 kinyume na mwendo wa saa. Ukihamia Python, lugha ya kuandikia programu, geuza mpangilio wa hizo mbili ndani ya atan2. Excel inaanza na ya mlalo, Python inaanza na ya wima. Mwisho, kwenye L5:

=L3^2*SUMSQ(F2:G6)/SUMSQ(H2:I6)

Hiyo ni r mraba, kipimo cha jinsi mchoro unavyolingana na ramani ya kweli (1 ni kulingana kabisa): 0.964, na kipeuo chake cha pili, yaani r, ni 0.98. Kuna pia kipimo cha upotoshaji cha Waterman na Gordon cha mwaka 1984, =100*SQRT(1-L5), ambacho hapa ni karibu 19. Kwenye kipimo hiki sifuri ni ramani kamili, na 100 ni kutolingana kabisa.

Hatua ya 6: Sasa soma mabaki

Wengi huishia kwenye r, wakaandika "washiriki wana uelewa mzuri wa nafasi" na kufunga ripoti. Kwa maoni yangu r ni namba ya kubembeleza. Mtu akijua tu kwamba Mombasa iko juu sana, Tanga inafuata na Morogoro iko kushoto, tayari r imepanda, kwa sababu miji ya mbali ndiyo yenye uzito mkubwa kwenye jumla. Makosa tunayoyatafuta yamejificha kwenye mabaki: tofauti kati ya alipoweka nukta na pale ambapo ingekaa kama kasoro yake ingekuwa skeli na mzunguko pekee. Kwenye J2 na K2 andika:

=H2-($L$1*F2-$L$2*G2)

=I2-($L$2*F2+$L$1*G2)

Nakili chini. Mstari wa Zanzibar unasoma 1.63 na −0.69. Gawanya kwa skeli: Zanzibar imesukumwa kilomita 43 mashariki na 18 kusini. Dar nayo ina −0.97, yaani imevutwa karibu kilomita 26 magharibi. Tanga imekosewa kwa kilomita 10 tu. Mchoro wenye r ya 0.98 umetoa kosa lilelile la Reno, tena kwenye mji mmoja na jirani yake. Dar haikuvutwa na mshiriki moja kwa moja; hesabu inasawazisha, kwa hiyo mji mmoja ukienda mashariki sana, mingine huonekana imerudi magharibi kidogo. Ukitaka kujua nani hasa mkosaji, iondoe Zanzibar, hesabu upya kwa miji iliyobaki, kisha uone ingetakiwa kukaa wapi.

Onyo kwa wanaotumia Python: kitendaji cha procrustes kilichomo kwenye maktaba ya SciPy, ambacho nacho hulinganisha maumbo mawili, kinaruhusu ramani kugeuzwa kama kwenye kioo. Aliyechora mashariki kuwa magharibi atatoka na alama nzuri kabisa. Kwa utafiti wa aina hii andika kanuni za juu mwenyewe, ni mistari michache.

Hatua ya 7: Kundi zima

Usichanganye nukta za washiriki wote kwenye hesabu moja. Fanya rigresheni kwa kila mtu peke yake, badilisha mabaki yake kuwa kilomita, ndipo ukusanye. Kwa kila mji chora mishale yote ikianzia mahali pake pa kweli. QGIS inafanya hivi ukiweka safu mbili za mabaki kwenye alama ya aina ya vekta. Kwanza rudisha mabaki ya kila mmoja kwa kuyazungusha kinyume cha L4 yake, vinginevyo mashariki ya huyu siyo mashariki ya yule.

Mishale ikitawanyika kila upande, watu hawajui tu mji ulipo. Ikielekea upande mmoja, una upendeleo wa kimfumo. Halafu gawa kundi: waliokulia Unguja, waliokulia Dar, wanaosafiri kwa boti mara kwa mara, ambao hawajawahi kuvuka. Linganisha wastani wa mshale wa Zanzibar katika kila kundi, na maswali ya alikokulia mtu na kama huvuka kwa boti yaulize kwenye dodoso baada ya mchoro, kamwe si kabla.