Kabla ya kununua samaki wa kwanza: kuandaa chujio hai la tangi la nyumbani Goma

Samaki wangu wa kwanza walikufa ndani ya maji maangavu kabisa. Tangi la lita 60 nililijaza Jumamosi, sebuleni kwetu Himbi, na samaki sita nikawatia siku hiyo hiyo. Siku ya nne binti yangu akaniita: "Papa, kuja uone, wanakunywa hewa." Walikuwa wamejipanga juu, midomo ikigusa uso wa maji, matamvua yakipepea mbiombio. Hakuna aliyemaliza wiki.

Kilichowaua hakionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia, na chakula kinachobaki chini kikioza huiongeza. Ziwani wapo bakteria wanaoishughulikia: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huzuia damu kubeba oksijeni, kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Katika tangi jipya bakteria hao karibu hawapo. Chujio hai ni makazi yao, na kuyajaza huchukua wiki nne hadi sita. Hapa kwetu, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku una baridi na bakteria hukua polepole. Jipe hata wiki nane.

Anza na maji. Bidoni, yaani dumu la maji, iliyotiwa klorini inalinda familia dhidi ya kipindupindu, lakini klorini hiyo hiyo huua bakteria unaowatafuta. Mimina maji kwenye beseni pana, yaache wazi siku mbili, uyakoroge mara kwa mara, ndipo uyatumie. Maji ya ziwa yasiyotiwa dawa yanafaa kukuza bakteria, ila yakumbuke vizuri: pH, yaani kipimo cha asidi ya maji ambapo 7 ni katikati, kwenye uso wa Ziwa Kivu ni karibu 9. Katika maji ya namna hiyo, yakiwa na nyuzi 25, zaidi ya theluthi ya amonia huwa katika hali ile inayoua. Kwenye pH 7 haifiki hata sehemu moja kwa mia. Kosa dogo la kulisha linaloweza kusameheka kwingine, hapa linaua. Maji ya mvua peke yake mimi siyatumii. Hayana chumvichumvi za kuzuia pH isianguke, na mvua iliyopita katika moshi wa volkano ya Nyiragongo huwa na asidi.

Sasa makoro, yale mawe meusi ya volkano. Watu huagiza vijiwe vya chujio kwa bei kubwa wakati tunakanyaga vilivyo bora zaidi kila siku. Bakteria hujishika kwenye uso wa kitu, hivyo kadiri jiwe lilivyo na vitundu vingi ndivyo linavyobeba wengi. Chagua makoro mepesi, yenye vitundu kama mkate uliochachuka, ya ukubwa wa njugu au yai la kware. Usiyaokote karibu na gereji wala mtaroni, kwa maana mafuta yakishaingia kwenye vile vitundu hayatoki. Yasugue kwa brashi na maji matupu, sabuni isiguse, yachemshe, kisha uyaoshe tena mpaka maji yatoke bila vumbi jeusi. Kingo zake zinakata, kwa hiyo yakae ndani ya kichujio, samaki wasijikwaruze.

Bakteria wanahitaji chakula kabla samaki hawajafika. Mimi nilifunga sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) wawili wabichi katika kitambaa chepesi nikawatumbukiza. Harufu ipo, vumilia. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji ya kichujio chake, ukibebe kikiwa kimelowa maji yake yale yale. Kinaweza kupunguza wiki kadhaa.

Umeme ndio jambo la kufikiria kuliko yote. Bakteria hawa wanatumia oksijeni nyingi, na pampu ikinyamaza saa chache ndani ya kichujio kilichofungwa, wanaanza kufa. Kwa hiyo sikushauri kichujio cha kufungwa kabisa. Tumia sponji au kisanduku cha makoro kinachokaa ndani ya tangi na kuendeshwa na pampu ndogo ya hewa, kisha utafute mapema pampu ya betri au ya kuunganisha na sola. Kama tayari unacho cha kufungwa, umeme ukikatika toa makoro uyalaze ndani ya tangi. Umeme ukirudi, mwaga kwanza maji yaliyolala kichujioni. Na siku ya kukisafisha, suuza kwa maji ya tangi, kamwe si ya bomba.

Nunua vipimo vya amonia, nitriti na nitrati kabla ya samaki. Amonia itapanda kwanza, kisha itashuka nitriti ikipanda, na hapo wengi hukata tamaa kwa sababu nitriti hukawia kushuka. Ngoja. Amonia na nitriti zikisoma sifuri siku mbili mfululizo huku nitrati ipo, toa mabaki ya sambaza, badilisha nusu ya maji, tia samaki wawili wadogo, uwalishe kidogo. Pima kila siku kwa wiki nzima kabla ya kuongeza wa tatu.