Kusawazisha throtobodi za BMW R1150GS kwa mpira wa kuchukulia levo

Mtikisiko niliuona kwanza kwenye vioo. Nikitoka Arusha kwenda Babati, mzunguko wa injini ukigusa 3,000 kwa dakika, lori lililo nyuma yangu linakuwa ukungu mtupu, na kabla ya Makuyuni vidole vya mkono wa kulia vimeshakufa ganzi. Pikipiki ni BMW R1150GS, toleo lililouzwa kuanzia 1999 hadi 2004, silinda mbili zimelala, moja kushoto moja kulia. Mpangilio huo huitwa boxer. Msiuchanganye na Boxer ya bodaboda: ile ina silinda moja, kabureta moja, hakuna cha kusawazisha.

Hii yangu kila silinda ina throtobodi yake, yaani koo la kuingizia hewa lenye kipepeo cha kufungua na kufunga, na waya wake wa mafuta unaovuta kipepeo hicho. Kipepeo cha upande mmoja kikichelewa kufunguka hata kidogo tu, silinda moja inafanya kazi na mwenzake anaburutwa. Ndiyo ganzi yenyewe hiyo.

Kabla ya yote, tapeti, yaani uwazi wa valvu. Injini iwe imelala usiku kucha, ipoe kabisa: valvu za kuingiza hewa 0.15 mm, za kutolea moshi 0.30 mm. Kisha angalia plagi na filta ya hewa. Ukiruka hapa utakesha unafukuza mstari usiotulia wa oili ya kupimia, nami nimeshakesha hivyo.

Kifaa cha kulinganisha mvuto wa hewa wa silinda mbili nilijitengenezea. Mpira mweupe mwembamba, mita 8, ndugu wa ule ambao mafundi ujenzi huchukulia levo, na kanuni ni ileile. Niliukunja katikati nikaufunga kwenye ubao mrefu uliosimama, nikamimina oili ya gia otomatiki ipande kiasi cha nusu mita kila mkono. Ni nyekundu, inaonekana vizuri. Usitumie maji: yakivutwa kwa wingi ndani ya silinda hayabanwi, yanaweza kupinda konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni. Oili kidogo ikivutwa itatoa moshi tu. Zebaki usiiguse, ni sumu. Urefu wa mpira usiuonee uchoyo, maana ndio unaokupa muda wa kuzima injini oili ikianza kukimbia.

Endesha dakika 20 injini ipate moto, kisha fanya kazi nje penye hewa, ukiwa na feni mbele, kwa sababu silinda hizi hutegemea upepo na oili kupoa. Choki irudi chini kabisa. Hakikisha kila waya wa mafuta una ulegevu wa nusu milimita hivi. Usipokuwepo, kipepeo hakikai kwenye kituo chake na kila utakachoseti kitakudanganya.

Chini ya kila throtobodi kuna kichuchu chenye kifuniko cha mpira. Vua vyote viwili, chomeka ncha za mpira wako. Ubane kwa vidole wakati wa kuwasha, uachie polepole. Oili itapanda upande unaovuta kwa nguvu zaidi, yaani upande unaopata hewa kidogo.

Anza na sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kuvutwa mafuta. Kila throtobodi ina skrubu kubwa ya shaba ya njano. Mimi huzitoa kwanza nikazisafisha masizi, nikazirudisha taratibu hadi zikae, kisha nikazifungua mzunguko mmoja na nusu kila moja. Kutoka hapo, upande oili ilikopanda fungua robo mzunguko, subiri, tazama. Unatafuta mistari miwili sawa na mzunguko wa 1,100 hivi.

Kuna skrubu nyingine ndogo yenye rangi ya kiwandani, inayozuia kipepeo kisifunge mno. Usiiguse! Fundi mmoja aliizungusha ya kwangu akitafuta sailensi, na ikanichukua miezi mitatu kurudisha pikipiki kwenye hali yake. Vipimo vya sindano ya mafuta vinategemea pale kipepeo kinapoanzia.

Sasa nyaya, na hapa ndipo vidole vinapopona, kwa sababu barabarani hatuendi na sailensi. Binti yangu hushika mzunguko kati ya 2,000 na 2,500, mimi nasoma oili. Inapopanda, kipepeo cha upande huo kinachelewa. Legeza nati ya kirekebishaji cha waya wake, kizungushe nje kidogo sana, kaza nati, kisha tazama tena, maana kukaza kwenyewe husogeza kipimo. Rudi kwenye sailensi uhakiki. Zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho: mzunguko ukipanda, kuna waya umebana.

Mwenye Honda CB500 ya kabureta mbili ana kazi nyepesi, skrubu moja katikati yao. Zikiwa nne, mpira huuhuu unatosha: 1 na 2, kisha 3 na 4, mwisho skrubu ya kati inayounganisha jozi hizo.

Mwinuko usikutie wasiwasi. Arusha tuko kama mita 1,400, lakini unalinganisha silinda na silinda, na hewa nyepesi zinaigawana sawasawa.

Ukimaliza, kagua vile vifuniko viwili vya mpira kabla ya kuvirudisha, uvikunje kwa vidole. Changu cha kushoto kilikuwa na ufa ambao sikuuona mara ya kwanza. Mtikisiko ulirudi siku ya pili, nami nilikuwa nimeshaanza kulaumu nyaya.