Kupima gome la mninga bila kudanganywa na tanini

Mninga wa misitu ya Tabora ukichanjwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na utomvu huo una tanini nyingi, yaani kemikali ya mimea inayokausha ulimi. Kuipata tanini ni rahisi. Kazi ni alkaloidi, yaani kemikali za mimea zenye naitrojeni, kama kwinini.

Bandua gome upande mmoja tu. Ukibandua kuzunguka shina lote, mti utakufa. Chukua na kitawi chenye majani na tunda ili jina lihakikiwe na mtaalamu wa mimea, maana jina moja la kienyeji huweza kubeba miti miwili. Kausha kivulini kwa siku 7 hadi 10 wakati wa kiangazi. Mvua zikishaanza gome huota ukungu, na hapo utakuwa unapima ukungu. Twanga, chekecha, kisha loweka gramu 20 kwenye mililita 200 za ethanoli ya asilimia 70 kwa saa 48. Chuja; kinachopita ndiyo maji ya dawa.

Tanini: chukua mililita 2 za maji hayo ya dawa, dondoshea matone 3 ya feriki kloraidi ya asilimia 5. Rangi huwa bluu-nyeusi au kijani kibichi iliyokoza. Ikiwa nyeusi tititi, zimua kwa maji uione vizuri.

Alkaloidi: yeyusha gramu 2 za potasiamu ayodaidi na gramu 1.27 za ayodini katika maji kidogo, kisha jaza hadi mililita 100. Kausha mililita 50 za maji ya dawa juu ya maji ya moto, koroga masalia na mililita 20 za asidi haidrokloriki ya asilimia 1, chuja, gawa mara mbili. Dondoshea ayodini kwenye nusu ya kwanza. Mashapo ya kahawia yakitokea, usishangilie: tanini nayo huyaleta.

Nusu ya pili itie amonia mpaka karatasi nyekundu ya litimasi igeuke bluu. Mimina klorofomu mililita 10 na utikise polepole, kwani ukitikisa kwa nguvu vitachanganyika kama maziwa visitengane. Fanya hivi madirisha yakiwa wazi. Klorofomu hukaa chini na alkaloidi nyingi. Tanini hubaki juu, kwenye maji. Toa ya chini, itikise na mililita 5 za asidi ileile, kisha dondoshea ayodini kwenye asidi. Mashapo ya sasa ndiyo ya kuhesabu.

Kila mara pima pia asidi tupu, na kidonge cha kwinini kilichosagwa ndani ya asidi hiyo. Kwinini isipotoa mashapo, ayodini yako imeharibika, tengeneza nyingine.